Rangi ya Nyasi Kavu

Wiki iliyopita niliitundika aproni yangu ya ngozi ukutani, nikatoka karakana bila kuuaga moto. Bega la kulia lilikuwa limeikataa nyundo tangu msimu wa mvua, na mimi si mtu wa kubishana na bega. Ninyi mnaobaki pale Shari, mtaani kwetu Bunia, mmeniuliza mara nyingi mtu anaingiaje katika kazi hii ya kutengeneza visu vya wawindaji, na kila nilipoanza kueleza, mmoja wenu alinikatiza ili apate kucheka. Kwa hiyo ninaandika. Karatasi angalau itanivumilia mpaka mwisho.

Vyeo sitavizungumzia, maana karakana yetu ina vyeo viwili tu, anayeshika koleo na anayeshika nyundo, na siku nyingi huwa ni mtu mmoja. Mapato nayo nitayaacha. Waliokula nyumbani kwangu wanayajua.

Nilianza kama fundi msaidizi katika gereji ya malori, kando ya barabara iendayo Komanda. Malori yalirudi kutoka msituni na mbao, mkaa na abiria waliokaa juu ya mkaa, na karibu kila moja lilirudi na resore iliyovunjika. Resore, kwa asiyekulia gereji, ni yale mabamba ya chuma yanayopangwa juu ya ekseli ili gari liweze kurukaruka bila kupasuka. Barabara yetu iliyavunja kwa uaminifu mkubwa. Tuliyafungua, tukaweka mengine, na yaliyokatika tukayatupa nyuma ya ukuta, yakalala huko kwenye majani kama mbavu za mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwona mzima.

Pale gereji waliniita Radio. Nilikuwa na tabia ya kumuuliza kila dereva ametoka wapi, ameona nini, mto umejaa kiasi gani, nani ameoa. Sikuwa na kazi na habari hizo. Nilipenda tu kuzipanga kichwani, kila moja mahali pake.

Asubuhi moja ya ukungu nikasikia mlio nyuma ya ukuta. Chuma kililia mara moja, pakawa kimya kirefu, kisha kikalia tena. Nikaenda kutazama. Mzee mfupi mwenye koti la sufu alikuwa ameinama kwenye majani yenye umande, anagonga kila bamba kwa kijiwe na kulitegea sikio.

"Muzee, uko unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Kisu."

"Huku haiko kisu. Hii ni resore ya kamio, ya lori."

"Kisu iko ndani, ni weye hauione. Sikia hii, inalia muzuri. Sikia ile ingine. Iko na ufa, inakohoa sawa muntu ya kifua. Kuya, unisaidie kubeba."

Nilimbebea mpaka Shari. Mwenye gereji ananingoja mpaka leo.

Huyo alikuwa Muzee Zakaria. Alikuwa Ndo-Okebo kutoka upande wa Mahagi, na kwetu Ituri ukisema hivyo, watu hawaulizi tena mtu huyo anafanya kazi gani. Babu yake aliyeyusha mawe kupata chuma. Baba yake alifua majembe. Yeye alishuka Bunia akiwa kijana, akaona kwamba majembe yanakuja madukani kwa magunia, akahamia kwenye visu vya wawindaji, kwa sababu mwindaji hanunui kisu gunia zima. Anataka kimoja, na anataka kumjua aliyekitengeneza.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, upande mmoja wazi kabisa, ukitazama kwenye bonde. Fuawe yake ilikuwa kichwa cha ekseli kilichozamishwa katika kisiki. Alikuwa na nyundo tatu, nzito, ya kati na ndogo aliyoiita bibi, kwa sababu ndiyo iliyosema neno la mwisho. Mivukuto ilikuwa ya ngozi ya mbuzi, na ilipumua kama mtu aliyelala usingizi mzuri.

Siku za kwanza hakunipa nyundo. Alinipa mivukuto na kunyamaza. Nilivuta na kusukuma, nikatazama makaa yakigeuka kutoka wekundu wa damu hadi wekundu wa papai, kisha manjano, kisha weupe unaokufanya uhisi kwamba kuna mtu ndani ya moto anakutazama. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, ng'ombe wa jirani wakapita ndani yake wakionekana pembe tu, na moshi wetu ukaenda kuchanganyika nao bila haraka. Kuna asubuhi nilisahau kwamba nina mikono. Nikijaribu kuzungumza, alisema bila kugeuka:

"Radio, funga. Chuma iko inasikia moto, weye unaiharibia."

Kwa hiyo nilijifunza kwanza kwa macho. Ninawaandikia utaratibu ule kama nilivyouona, ingawa wengine wenu mnadhani mmezaliwa nao.

Bamba linakatwa likiwa jekundu. Linafuliwa kwa nyundo nzito mpaka linyooke, kwa ya kati mpaka liwe na umbo, kwa bibi mpaka litulie. Mgongo wa kisu unaachwa mnene, kidole gumba kikae juu yake bila kuumia wakati wa kuchuna. Ncha inashuka kidogo ili isitoboe tumbo la mnyama na kuharibu nyama. Kabla ya kuchonga mpini, mwindaji anapewa donge la udongo mbichi, analikamata kama anavyokamata kisu, analiachia. Katika udongo ule unaona mkono wote, kidole kilichowahi kuvunjika, kidole kivivu, mahali anapobana akiogopa. Ukichonga pembe ya ng'ombe kwa kufuata udongo huo, mtu akishika kisu chake kwa mara ya kwanza hugeuza kichwa, kama aliyeitwa jina lake la utotoni.

Halafu chuma kinatiwa moto tena na kuzamishwa katika mawese, yaani mafuta ya mchikichi. Kikitoka humo ni kigumu kama kioo, na kama kioo kitavunjika. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Unakisugua kwa jiwe mpaka king'ae, unalaza mgongo wake juu ya kipande cha chuma cha moto, na unangoja. Usipepese macho. Rangi inaanza kutoka mgongoni na kutembea kuelekea kwenye makali, polepole, kama kivuli cha wingu kinachovuka kilima. Inatangulia rangi ya nyasi kavu. Nyuma yake inakuja asali, kisha zambarau, kisha buluu. Nyasi kavu ikigusa makali, unakitumbukiza kisu kwenye mafuta papo hapo. Ukiwahi, kitavunjika kwenye mfupa. Ukichelewa, makali yatakuwa laini na yatajikunja. Hakuna kipimo kingine. Ni jicho tu, na mwanga.

Miaka mingi Muzee hakuniruhusu kusema "sasa". Nilisimama nyuma ya bega lake nikalisema moyoni, na yeye akalisema kwa mdomo, mpaka siku moja niligundua kwamba tunasema pamoja.

Kulikuwa na desturi mbili ambazo lazima mzijue ili muelewe mengine. Ya kwanza bado mnaifuata. Kisu kipya hakiuzwi siku kinapomalizika. Mwindaji anakichukua bure, anaenda nacho msituni, na akirudi ndipo anasema kama amekikubali au anakirudisha. Ya pili Muzee aliitoa kwao. Mfua chuma asiyeona tena rangi ya nyasi kavu anauacha moto, na akishauacha haingii tena karakana, hata kusalimia.

"Ju ya nini hata kusalimia?" nilimuuliza.

"Ju utaguza. Utasema, wacha niguze kidogo tu. Na ile kidogo utapatia muntu kisu mubaya, ataingia nayo pori."

Mteja wetu wa kudumu alikuwa Salumu, mwindaji kutoka ng'ambo ya Komanda, mahali ambapo miti inaanza kukutana juu ya barabara. Alikuwa mrefu, mwenye kofia ya sala iliyokuwa nyeupe zamani na sasa ilikuwa na rangi ya msitu, na mdomo ambao haukujua kupumzika. Alitegea mboloko, wale paa wadogo, na nguruwe wa mwitu, ambao aliwauzia wasiokatazwa. Mipaka ya hifadhi ya upande wa Epulu aliijua kuliko wale waliokuwa wakiilinda.

"Okapi mi naheshimia sawa muke ya pasta," alisema kuhusu mnyama huyo ambaye sheria inakataza kumwinda. "Naangalia, nasalimia, napita."

Miaka ya vurugu ilipita juu yetu pia. Walikuja vijana ambao hawakutaka kupimwa mkono kwa udongo, wakataka visu virefu, makali pande mbili. Muzee alikigeuzageuza kile cha mfano walichokuja nacho.

"Hii ya makali mbili," akawauliza kwa upole, "ni nyama gani inachunwa nayo?"

Walipoondoka alimwaga maji kwenye moto, na karakana ikakaa baridi muda mrefu. Na mimi, Radio, sikuuliza.

Amani iliporudi kidogo kidogo, na wawindaji nao wakarudi mmoja mmoja, paa la nyasi lilikuwa limeoza. Mvua ilidondoka kwenye makaa na makaa yakatukana. Salumu alipoona hivyo akaondoka, na safari iliyofuata akaja na bashi kubwa la buluu, turubai jipya lililokunjwa vizuri. Amelipata wapi sikumuuliza; wakati ule mabashi yalikuwa kila mahali, na kila moja lilikuwa na hadithi. Alipanda mwenyewe, akatoa nyasi zote, akalitandaza, na kwa ukarimu akaliteremsha mbele mpaka chini, likawa pazia upande ule uliokuwa wazi.

"Sasa hata mvua ikuje na bibi yake, hamuloweke," akasema.

Tulimshukuru sana. Humo ndani kukawa kama chini ya maji. Mwanga ulikuwa laini, kila kitu kilitulia, mikono yetu ilionekana kama ya watu wa hadithini. Nilipenda kukaa humo. Ninakiri kwamba sijawahi kufanya kazi mahali pazuri vile.

Kisha visu vikaanza kurudi.

Cha kwanza alikirudisha mchinjaji wa ng'ombe. Makali yamejikunja kama ukingo wa jani. Muzee alikitazama, akakiweka kando, akatengeneza kingine. Nacho kikarudi. Halafu akaja Salumu mwenyewe, kisu kikiwa mkononi, hakutaka hata kukaa.

"Muzee, hii iko kisu ama iko kijiko? Nilifika kwa goti ya nguruwe, ikalala."

"Leta."

"Nilichuna na meno, Muzee. Na meno! Nguruwe mwenyewe alinihurumia."

Watu waliokuwepo walicheka, na Muzee pia alicheka, lakini niliona jinsi alivyopitisha kidole kwenye makali yale, akakirudisha kidole, akakipitisha tena.

Toka siku hiyo nilifanya nilichokijua. Nilipanga. Kama visu ni laini, ama chuma kimebadilika, ama mkaa, ama mafuta, ama jicho. Nikaenda kwenye gereji za Shari kutafuta resore za magari ya zamani, nikazigonga na kuzisikiliza. Vikatoka visu laini. Nikabadilisha mkaa. Nikatafuta mawese kutoka kwa mama mwingine sokoni, ambaye aliniuliza napika nini kinachohitaji ubishi wote huo. Visu laini. Basi likabaki jicho. Siku moja Muzee alipokuwa ameenda kwenye mazishi, nikatia rangi kisu kwa macho yangu mwenyewe, macho ambayo yalikuwa yanahesabu mbuzi juu ya kilima cha mbali. Kilikuwa laini kama vingine.

Ningepaswa kufurahi. Nilimwambia Muzee, "Unaona? Hata mi. Haiko macho yako."

"Weye nani alikufundisha kuona?" akaniuliza. "Mi. Kama macho yangu iliharibika pole pole, ilikuharibia na weye."

Jambo hilo lilinikaa vibaya, kwa sababu lilikuwa na mpangilio mzuri kabisa.

Nilimwomba twende Nyankunde, wampime macho hospitalini. Alikataa. "Kule watanionyesha herufi. Mi sijafua herufi hata siku moja." Akaanza kuchelewa asubuhi. Akifika, alikaa kwenye kisiki chake katika ule mwanga wa buluu, mikono juu ya magoti, akiutazama moto kama mtu anayetazama barabara baada ya gari kuondoka. Hakuwa anaogopa upofu. Alikuwa anajiuliza kama mtu anaweza kumalizika bila yeye mwenyewe kuona, na ni watu wangapi wako msituni wakati huo na kisu chake kibaya kiunoni.

Mwishowe alituma neno Mahagi kwa mwanawe, Dieudonné, aliyekuwa akiuza vitenge mpakani. Kijana akaja na pikipiki, amevaa koti zuri, tayari kumchukua baba yake arudi nyumbani kupumzika. Asubuhi hiyo tulikuwa wote karakana. Salumu alikuwepo, amekuja kuaga. Begi la Muzee lilikuwa mlangoni. Juu ya fuawe palikuwa na kisu kimoja kilichokwisha kuzamishwa na kusuguliwa, kinangoja rangi. Nilikuwa nimemwomba akimalize kabla ya kwenda. Hakukigusa.

"Baba, tuende mapema," alisema Dieudonné. "Barabara iko mbaya."

"Barabara iko mbaya tangu uzaliwe. Ngoja dada yako."

Dada yake, Mapendo, alikuwa na meza ya matunda pale sokoni. Aliingia akihema, ameinua pazia la bashi kwa kiwiko, na kichane cha ndizi mikononi.

"Baba, ya njiani. Nimechagua zile unapenda."

Muzee alizipokea, akazitazama, akazirudisha.

"Mapendo. Hata leo unaniletea ndizi mubichi?"

Mapendo alimtazama kaka yake, kisha akafunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Baba," akasema, "hizi zimeiva. Zimeiva mpaka zinanukia."

"Unaona sasa, Baba?" alisema Dieudonné kwa sauti ya chini, si ya kushinda. "Njo vile tu. Macho inachoka, haiko aibu. Kamata begi."

Muzee alianza kuinuka. Na mimi nilikuwa nazitazama zile ndizi, kwa sababu kutazama ndiyo ulevi wangu. Zilikuwa mbichi. Zilikuwa za kijani kabisa, kijani cha ndizi za kupika.

"Mapendo," nikasema, "hata mi naona mubichi."

"Na weye, Radio! Hapana chezea Baba."

"Sichezi. Salumu, weye unaona nini?"

Salumu aliinama, akasogeza kofia yake nyuma. "Mubichi," akasema. "Lakini pua inakataa."

Nilikichukua kile kichane, nikatoka nacho nje. Palikuwa na jua la asubuhi, changa na jeupe. Ndizi zikageuka manjano mikononi mwangu, taratibu, kana kwamba zilikuwa zinaamka. Nikarudi ndani, zikawa kijani. Nikatoka tena. Nilifanya hivyo mara kadhaa, naingia na kutoka kwenye pazia lile na kichane cha ndizi, na Dieudonné akamuuliza dada yake kama fundi huyu amekunywa.

Nje, nikiwa na ndizi mkononi, nilielewa. Chini ya buluu ile manjano yalikuwa yanakufa. Muzee alikuwa akiketi pale akiisubiri rangi ya nyasi kavu, nyasi kavu inapita mbele yake imevaa nguo nyingine, naye anaendelea kungoja mpaka chuma kimechelewa. Na mimi nyuma ya bega lake nilingoja naye.

"Muzee!" nikaita. "Haiko macho. Ni bashi!"

Ikatoka sauti ya Salumu, imejaa uchungu:

"Bashi yangu? Ile nilipandisha na mikono yangu? Sasa ni bashi ndiyo iko inafua chuma?"

"Ni bashi inatudanganya rangi."

"Hapana, hapana. Bashi iko ya muzuri sana. Angalia mishono!"

"Salumu," alisema Muzee. Alikuwa amesimama katikati ya karakana, ameinua uso, analitazama lile bashi kama mtu anayetazama anga na kukuta dari. "Shukisha."

Tulilishusha sote, Salumu akinung'unika kila kamba tuliyofungua, Dieudonné akishika pembe moja kwa vidole viwili asichafue koti. Lilipoanguka mwanga uliingia kwa ghafla mpaka tukafumba macho. Nilikuwa nimesahau rangi ya karakana yetu. Mavumbi yalikuwa mekundu, kisiki kilikuwa cha kahawia, pembe za ng'ombe kwenye kona zilikuwa na mistari kama maziwa ndani ya chai. Bonde lilikuwa palepale, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka wote.

Muzee alikaa. Hakuomba. Alinyoosha mkono, nami nikampa koleo. Nilivuta mivukuto, kipande cha chuma kikawa chekundu, akakitoa, akaulaza mgongo wa kisu juu yake.

Sijui tulingoja muda gani. Mapendo alikuwa ameacha kulia. Dieudonné alikuwa amekaribia mpaka ningeweza kusikia pumzi yake, naye alikuwa hajawahi, kama alivyoniambia baadaye, kumwona baba yake akifanya jambo hili. Chuma kilikuwa cheupe, kitupu, na anga lilionekana ndani yake. Halafu, mgongoni, rangi ikazaliwa. Ilikuwa hafifu, kama kumbukumbu ya kitu ulichokiona ukiwa safarini. Ikashuka, ikaenea, nyasi za mlimani mwishoni mwa kiangazi, kilima kizima cha nyasi kikitembea juu ya kipande cha resore, na nyuma yake asali ikafuata kwa adabu.

"Sasa," alisema Muzee, na mimi nikasema pamoja naye, na mawese yakafoka.

Akakifuta kisu kwa kitambaa, akampa Salumu bila mpini, kimefungwa tambara mahali pa kushika.

"Piga pembe."

Salumu alichagua pembe kavu kuliko zote, akaikata kwa nguvu ya mtu aliyevunjiwa paa. Vipande viliruka. Alikata tena, na tena, kisha akageuza makali kwenye mwanga na kuyatazama kwa jicho moja, akapitisha ukucha. Alitafuta kosa kwa moyo wake wote. Mwishowe akavuta pumzi.

"Bon," akasema. "Lakini mvua ikikuja, musinitafute."

Muzee hakucheka. Alikuwa anamtazama mwanawe. Dieudonné alisimama na koti lake zuri lenye masizi begani, akaangalia begi mlangoni, akaangalia moto.

"Kwa hiyo haukuye?" akauliza.

"Nimeita weye kubeba kitu kwenda nyumbani. Hauwezi kurudi mikono mitupu." Muzee akalisukuma bashi kwa mguu. "Peleka hii. Mama yako analia jikoni yake inavuja. Lakini umwambie asichagulie ndizi ndani yake."

Ndivyo Dieudonné alivyorudi Mahagi, bashi la buluu limefungwa nyuma ya pikipiki mahali baba yake alipopaswa kukaa. Salumu alilisindikiza kwa macho mpaka kona. Sisi tuliweka nyasi tena, na upande wa bonde tukauacha wazi, na mvua ikinyesha tunalowa. Wawindaji waliokuwa na visu laini tuliwatafuta mmoja mmoja mpaka vyote vikarudi, na ile ilikuwa kazi ngumu kuliko kufua. Mkiulizwa na mteja kwa nini karakana yetu haina ukuta wa mbele, sasa mnajua, na hamna haja ya kubuni sababu kama mnavyofanya.

Muzee Zakaria alifanya kazi miaka mingine mizuri. Sikumwuliza tena kuhusu macho, wala hakuna mwingine aliyethubutu. Halafu ikaja asubuhi moja ya kiangazi, hakuna ukungu, hakuna wingu. Alikuwa amelaza kisu kwenye chuma cha moto, mimi nyuma ya bega lake. Niliiona rangi ikitoka, nikaiona ikishuka, nikaiona ikigusa makali. Nikangoja aseme. Akageuza kichwa kidogo, bila huzuni yoyote usoni, akanyoosha koleo upande wangu.

"Radio," akasema, "leo sioni. Kamata."

Niliinua macho kwanza nikatazama juu. Upande wa bonde ulikuwa wazi, nyasi za paa zilikuwa nyasi, na mwanga ulikuwa mweupe kila mahali. Ndipo nikalipokea koleo.